Rimoti ya Tatu

Zamda aliingia garini, akanyoosha mguu, na mguu haukufika kwenye breki. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma. Alibaki hapo ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda gari la wenyewe, na jasho likamtoka ingawa asubuhi ilikuwa na ubaridi. Kisha akakivuta kiti mbele, akajiambia kwa sauti ya chini, "Ni mimi. Nilikisogeza nilipokuwa napiga deki." Hakukumbuka kupiga deki.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Pale Gongoni walimjua kwa gari lake dogo la rangi ya fedha, ambalo halikupakia mwanamume. Alibeba wajawazito kwenda hospitali, maharusi kwenda kupambwa, na wake za watu ambao waume zao hawakupenda wapakiwe kwenye bodaboda. Udereva alijifunza akiwa na arobaini na tatu, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mumewe Nurdini, karani wa reli. Wanaume wa kijiweni walimcheka siku alipolizima gari la shule ya udereva mara tatu katikati ya barabara. "Mama, shuka ulisukume!" walipiga kelele. Miaka miwili baadaye walewale walimpigia simu alfajiri, sauti zimelainika: dada Zamda, njoo haraka, wifi yako kashikwa na uchungu.

Kwa hiyo hakuwa mwoga. Barabara ya Goweko aliijua kwa vumbi na kwa matope. Alichokiogopa ni kingine, na hakuwahi kukitaja mbele ya mtu.

Mama yake alianza hivihivi. Kwanza vitu vidogo: chumvi mara mbili, mlango wazi. Halafu akawa anavaa buibui lake asubuhi na mapema, anatembea mpaka stesheni kumpokea mume aliyekuwa amezikwa miaka tisa iliyopita. Wafanyakazi wa stesheni wakamzoea, wakawa wanampa benchi na chai. Siku moja Zamda alikwenda kumchukua kama kawaida, akamshika mkono, na mama akautazama ule mkono kwa adabu kabisa, akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Wakati huo mama alikuwa na miaka hamsini na minane.

Basi tangu mwanzo wa mwaka Zamda alikuwa akijichunguza, na alichokiona hakikumpendeza. Mafuta yalipungua kuliko safari zake. Kioo cha ndani kilielekea juu. Siku moja alikuta majani makavu ya tumbaku kwenye kiti cha nyuma, na hakukumbuka abiria yeyote wa tumbaku. Alipomwambia mwanawe Abdulatifu, kijana wa miaka ishirini na sita aliyelala chumba cha uani na kuishi kwa mishemishe, Abdulatifu hakuinua hata macho kwenye simu.

"Umesahau, mama. Si ulimpeleka mama Julieth kule Malolo jana?"

"Ilikuwa juzi."

"Jana, mama. Umesahau."

Labda ilikuwa jana.

Kisha ikapotea rimoti. Gari lile halikuwa na ufunguo wa kuchomeka. Ukiwa na rimoti mfukoni unagusa kitasa, mlango unafunguka, unabonyeza kitufe, linawaka. Zamda alikuwa nazo mbili. Moja ilipotelea msibani Isevya, alipokwenda kumzika binamu yake. Aliweka mkoba kitandani, juu ya lundo la mikoba ya wanawake wengine, akaenda uani kuchambua mchele. Alipoaga, rimoti haikuwemo. Hakuuliza. Kuuliza kitu kilichopotea kwenye nyumba ya msiba ni kuwaambia wafiwa kwamba wamekaa na mwizi, na wao bado hawajakauka machozi. Alirudi nyumbani kwa miguu, akachukua ile ya akiba, kesho yake akalifuata gari. Watu walimsifu kwa ustahimilivu. Hawakujua sababu ya pili. Wangemuuliza, "Una hakika uliiweka mkobani?" Na yeye hakuwa na hakika.

Ndipo akamwita fundi, kwa sababu hiyo rimoti moja iliyobaki nayo ikipotea, gari linageuka bati.

Fundi aliitwa Vedasto, mwenyeji wa Kaliua, mnene na mcheshi. Alifika Jumanne asubuhi kwa pikipiki, mgongoni kabeba begi la shule lenye picha ya sungura.

"Shikamoo, mama. Usilicheke begi. La kwangu amelichukua binti yangu wa darasa la tatu, anasema linampa heshima."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alichomeka waya wa mashine yake chini ya usukani, akasubiri, akakuna kidevu.

"Mama, ulisema rimoti zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Moja imepotea, moja hiyo."

"Gari linajua tatu."

"Labda mashine imekosea."

"Inakosea mengi, mama, kama mimi. Lakini mpaka tatu inajua kuhesabu."

Kitu kilimshuka Zamda kifuani, kizito, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe nini, mama?"

"Hamna kitu. Endelea."

Lakini ahueni haikudumu hata dakika. Kama si yeye, basi kulikuwa na mtu aliyekuwa akiingia humo ndani, anakaa kwenye kiti chake, anashika usukani wake. "Mtu anaipataje rimoti ya tatu?" aliuliza.

"Rahisi. Awe na moja nzima mkononi, na nusu saa ya fundi. Hakuna atakayemuuliza kitu."

Zamda alikumbuka. Mwezi wa kwanza alikwenda Tura kwa treni kumuuguza dada yake, siku sita. Rimoti alimwachia Abdulatifu ili aliwashe gari kila asubuhi, betri isife.

Vedasto alikuwa anaeleza. Angesajili mpya, na kwa usalama angefuta kila rimoti ambayo haikuwepo pale. Kuchagua hakuwezekani. Ya msibani ingekufa, na hiyo ya tatu pamoja nayo. "Nifute?"

"Subiri kidogo."

Alisogea mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu. "Abdu, niko na fundi. Anafuta rimoti zote ambazo hazipo hapa. Kama unayo, ilete. Sitagomba."

Pikipiki zilipita upande wa pili.

"Rimoti gani tena, mama? Si zilikuwa mbili, moja ukaipoteza? Au umesahau?"

Alikata simu. Akamrudia fundi, na sauti iliyomtoka hakuitambua. "Futa."

Alhamisi alasiri Zamda alichukua msahafu wake, akautia kwenye mkoba kama kila wiki, akaaga kwamba anakwenda kwa miguu darasa la Kurani. Alikwenda mpaka kona, akakata nyuma ya nyumba ya jirani, akaingia jikoni kwake kwa mlango wa uani. Akakaa kwenye kigoda nyuma ya dirisha la wavu. Kutoka pale aliliona gari na kipande cha barabara. Aliomba aje mtu asiyemjua. Aje jambazi, alisema moyoni, aje yeyote.

Alikuja Abdulatifu.

Barabarani walisimama wanaume wawili na mabegi, na mmoja akapaza sauti, "Bosi, Goweko tutafika na jua kweli?" Abdulatifu aliwapungia mkono. Akagusa kitasa. Gari halikuitika. Akagusa tena. Akatoa rimoti mfukoni, akaibonyeza, akaipuliza, akaifuta kwenye shati, akaikaribiza kwenye kioo kama anayemwonyesha mtu kitambulisho.

Zamda alitoka.

"Nipe."

Kijana aligeuka, rangi ikambadilika. Akampa.

"Bosi, vipi?" mtu wa barabarani akauliza.

"Tafuteni usafiri mwingine!" Abdulatifu aliwajibu bila kuwatazama. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mama, nilikuwa natafuta hela ya leseni tu. Alhamisi tu, na siku ukiwa na shughuli. Nilijua ungekataa, maana gari lako halipakii wanaume. Sikuiba kitu."

"Uliniambia nimesahau."

"Ilinitoka tu, mama."

"Mara ngapi ilikutoka? Unajua nimelala vipi miezi hii? Bibi yako ulimwona. Ulikuwa unanisindikiza stesheni."

Abdulatifu aliinua macho. Ilionekana hakuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja, uongo wake na bibi yake. Machozi yakamlenga. "Sikujua ndicho unachokiogopa."

"Ya msibani uliichukua wewe?"

Zamda alitaka aseme ndiyo. Alimtazama mwanawe na kutamani kwa roho yote awe mwizi mara mbili.

"Hapana, mama. Wallahi, hiyo siijui."

Ulikuwa uso uleule wa utotoni, usioweza kuficha kitu ukishabanwa. Alikuwa akisema kweli.

Zamda alikaa kwenye kizingiti cha jikoni. "Kaa hapa," alisema. "Nitajie siku zote ulizolichukua. Moja moja. Na ulichogusa."

"Za nini sasa, mama?"

"Nitajie."

Akaanza. Zamda alikuwa amenyoosha vidole vyake vyote kumi magotini, kila kimoja na jambo lake aliloshindwa kulikumbuka, na kila kijana alipotaja siku alikunja kimoja. Majani ya tumbaku, akakunja. Kioo, akakunja. Kiti, akakunja. Mafuta ya mwezi wa pili, ya mwezi wa tatu. Alipofika siku ya saba Abdulatifu alinyamaza.

"Endelea."

"Basi, mama. Ndizo hizo."

"Fikiri tena. Polepole."

Alifikiri kweli, amekunja uso. Kisha akatikisa kichwa.

Zamda aliangalia magotini. Vidole vitatu vilikuwa bado vimesimama.