Mama Mdogo Alipokula Sampuli

Mama anafundisha jiografia sekondari, huku kwetu Wazo. Miaka yote miamba ameifundisha kwa chaki. Jiwe anachora ubaoni, basi. Kwa hiyo alipopelekwa semina ya walimu ya miamba na madini, alikuwa anarudi jioni na mawe kwenye kiroba, anacheka mwenyewe.

Jumamosi alitakiwa kufundisha somo la mfano mbele ya walimu wenzake. Wanafunzi tungekuwa sie watoto wa walimu. Nilimwambia mie siwezi, nitatapika.

"Utakaa tu, mwanangu. Hutaongea."

Asubuhi ile bonge lake la udongo mweupe, ule unaochimbwa kutengenezea vikombe na vigae, halikuonekana. Mama mdogo, na mimba yake kubwa, akatoka chumbani anajifuta mdomo.

"Kumbe wako, dada? Mie nikajua umeniletea pemba!"

"Umekula somo langu!"

"Sio mie, mtoto ndo kala. Ila wa gengeni una chumvichumvi, mtamu zaidi."

Mama alitaka kukasirika, akashindwa. Tukapita gengeni, tukanunua pemba, ule udongo wanaotafuna wajawazito, tukakimbia.

Ukumbini Mama akasimama, akaushika ule udongo wa gengeni, akanyamaza. Mbele walikaa walimu wa sayansi, mikono wamekunja. Nikajua anaona aibu kusema umetoka wapi. Kunyamaza kule nakufahamu, maana na mie ndivyo ninavyokuwaga darasani hata jibu nikiwa nalo. Sikuvumilia kumwona vile. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, huo si ndo pemba, wanaokulaga wajawazito?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu mmoja wa kiume akadakia, "Nyumbani kwangu umeisha mfuko mzima!"

Mama akacheka nao, na sauti ikamrudia. "Haya, huu wa gengeni, na kule migodini upo ndugu yake. Kila mmoja avunje kipande aguse na ulimi. Unanata? Kwa nini unanata?" Watu wazima wakatoa ndimi kama watoto wa chekechea, na yeye akawaeleza vile udongo laini unavyonyonya mate. Wale wa mbele mikono wakaikunjua.

Halafu akanigeukia, kama hanijui kabisa.

"Binti wa nyuma, swali zuri. Hebu simama, utuambie jina lako."

Nikasimama. Nikalisema lote, mpaka la babu.