Bibi Harusi wa Miaka Minane

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kayitesi alikuwa ameolewa miaka minane, na katika nyumba ya mama mkwe wake hakuwahi kushika jembe wala kusonga ugali hata mara moja. Majirani zetu wa Gisenyi, mji wetu wa Rwanda mpakani na Goma, walimsema. Walimwona Mama Mukandayisenga, kizee wa miaka sabini mwenye bega bovu, ameinama jikoni anahangaika na ugali wa mihogo, huku mkwewe mwenye nguvu zake ameketi dirishani na kalamu. Wakasema hiyo ndiyo faida ya kusoma.

Mimi nilimjua zaidi kwa sababu ndimi niliyemchapia. Nilikuwa na mashine ya kuchapa katika kibanda karibu na soko, nikiwachapia watu maombi ya kazi na matangazo ya misa. Alikuja mwaka 1997 na rundo la karatasi zilizoandikwa pande zote mbili, akaniuliza, kwa kile Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka kama kimepigwa pasi, kama ningeweza kumchapia riwaya. Mimi ni mtoto wa Goma, Kiswahili changu kina matope ya njiani, nikadhani ananitania. Nikamuuliza ni riwaya ya nini. Akasema ya mapenzi, ya Kikristo, ya zamani. Nikajiambia hayo ni mambo matatu ambayo sijawahi kuyaona yakilala nyumba moja.

Kumbe tayari alikuwa na kitabu kimoja. Padri Juvénal, aliyesimamia kiwanda kidogo cha uchapaji upande wa Goma, alikuwa amemtolea kijitabu kuhusu binti mmoja na fundi aliyejenga kanisa enzi za wamisionari wa kwanza. Padri alikuwa ameondoa mabusu mawili na kubakiza kushikana mikono, tena baada ya ndoa. Hata hivyo kiliuzwa mlangoni pa kanisa kikaisha, na wanawake wanaovusha nyanya mpakani walikuwa wakimsimamisha njiani kumuuliza kingine kinatoka lini.

Watu hudhani mwandishi anakaa tu na hadithi inamjia. Kayitesi alitembea mpaka viatu vikacheka. Alikwenda Nyakiriba kuuliza wazee wapagazi walikuwa wakibeba mizigo mizito kiasi gani na bibi harusi alivaa nini. Milimani hakukuwa salama miaka ile, na mara nyingine alirudishwa na askari katikati ya safari. Basi akirudi alikaa dirishani, mvua ikinyesha, akasoma sentensi zake kwa sauti ili asikie kama zinatembea. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kazi hiyo isipokuwa mimi, nami nilikuwa mtu wa kupiga vidole tu.

Riwaya hii ya pili ilikuwa ya Yohana, katekista, na Nyiramana, binti wa mfuga ng'ombe. Wanafunga ndoa mwaka 1916, Wajerumani wanashindwa vita hapa ziwani, wanakimbilia Tabora, na njiani wanakamata wanaume wawe wapagazi. Yohana anachukuliwa siku chache baada ya harusi. Nyiramana anabaki ndani kwa mama mkwe, hajatolewa.

Nilipofika hapo nilimuuliza kwa nini huyu msichana hapiki, sura nzima amekaa tu kama picha ukutani. Mama yangu alitulea Goma, mambo mengine ya Kinyarwanda yalinipita. Akanieleza kwamba bibi harusi hukaa ndani bila kazi mpaka siku ya gutwikurura. Siku hiyo ndugu zake huja na vyakula na pombe, anafunuliwa mbele za watu, anakabidhiwa mwiko wa kusongea ugali, na tangu hapo ndiye mwenye nyumba. Kisha akatazama mashine yangu, akasema kwamba yeye mwenyewe hajafunuliwa.

Aliolewa na Wellars, mtoto pekee wa Mama Mukandayisenga, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mwezi wa tisa mwaka 1990. Mwezi wa kumi vita vilianza Rwanda na Wellars akaenda kupigana. Mama akasema shughuli haifanywi bila mume, tutangoja. Wakangoja kule, wakarudi Rwanda wakangojea hapa. Kizee hakuwahi kumwachia mwiko. Kila mwaka kulikuwa na mahali pengine askari walikokwenda, na kila mwaka yeye alisema mwanawe atakuwa huko.

Lakini Kayitesi alijua. Mwaka 1995 askari mmoja anayeitwa Vénuste alimkuta nje ya kanisa akamwambia kwamba Wellars alikufa mwaka 1992, na kwamba yeye Vénuste alisaidia kuchimba kaburi. Kayitesi alimshukuru, akaenda nyumbani, akakuta ugali umeiva. Hakusema. Alikusudia kusema kesho yake, na kesho hiyo ikawa miaka mitatu.

Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Pale kanisani kuna kikundi cha wake za watu na kikundi cha wajane, kila kimoja na mabenchi yake, vitambaa vyake na vicheko vyake. Yeye hakuweza kuketi na hawa bila kudanganya, wala na wale bila kusema ukweli. Alisimama pembeni kwenye nguzo, misa nzima, miaka yote hiyo. Watu wakadhani ana maringo ya mwandishi.

Mama Mukandayisenga hakujua kusoma, lakini hakuna aliyeipenda riwaya ile kumpita. Kila sura niliyochapa alisomewa alasiri baada ya chakula. Kayitesi alikuwa amefanya kosa ambalo nadhani ni la wapweke: alimpa Yohana mwendo wa Wellars, kikohozi chake kabla ya kubisha hodi, na tabia yake ya kumwaga tone la maziwa chini kabla hajanywa. Kizee alimtambua mwanawe tangu sura ya kwanza, asiseme neno. Akaanza tu kuuliza kila siku, kabla hata ya kuketi, kama Yohana amerudi.

Mwisho wa mwaka 1998 Padri Juvénal alitaka kitabu kiwe tayari kwa Noeli. Nilivuka mpaka pamoja na Kayitesi kumpelekea sura zilizokuwapo. Alizipenda, akauliza mwisho wake. Kayitesi akasema huenda Yohana asirudi. Padri akavua miwani.

"Madame, mi nakuomba, huyu mutu arudi. Bon, huzuni, kila mutu iko nayo ku nyumba yake. Nani atakuja kununua ingine kwangu?"

Hakuwa mtu mbaya, tena alisema kweli. Alituambia wazi kwamba bila Yohana kurudi na harusi kukamilika, yeye hachapi. Baada ya juma moja Kayitesi aliniletea mwisho: Yohana anatokea kilimani, amekonda, amevaa koti la askari, anakohoa mlangoni. Nilichapa huku nalia kwa furaha, nikampa karatasi, nikamwambia Noeli hii tutakula sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga kwa sherehe ya kitabu.

Siku ya pili alizirudisha.

"Siwezi, Diane," aliniambia. "Nikimrudisha huyu, kesho Mama atafagia uwanja kumsubiri yule."

Alikuwa ameandika mwisho mwingine kwa mkono. Ndani yake anayerudi ni mpagazi mwenzake, analeta habari kwamba Yohana alifia njiani kabla ya Tabora na akazikwa kwa sala. Aliniomba nimsindikize Jumapili alasiri, kwa kuwa aliogopa kusoma akiwa peke yake na mama mkwe wake. Nilimkumbusha kwamba Padri hatakichapa. Akasema anajua.

Tuliketi watatu sebuleni, mlango wazi, mvua imekatika. Kizee akauliza lile swali lake kama amerudi. Kayitesi akaanza kusoma. Alisoma taratibu, na alipofika kwa mpagazi aliyesimama uani hataki kukaribishwa kiti, aliinamia karatasi, akasoma mpaka neno la mwisho. Mama Mukandayisenga alikuwa ameweka viganja magotini. Kuku waliingia, hakuna aliyewafukuza.

"Na yule mama mkwe," akasema baadaye, "alifanyaje?"

"Sijaandika, Mama. Sijui."

Kizee akatikisa kichwa. Kisha akauliza ni nani aliyemwambia, na hapo sote tulielewa kwamba hatuzungumzi tena habari za kitabu. Kayitesi akapiga magoti mbele yake, akamweleza habari za Vénuste, mwaka na kaburi. Kizee aliuliza jambo moja tu, kama walimwombea. Kayitesi akasema walimwombea. Wakalia, mmoja ameshika vidole vya mwenzake, nami nikatazama nje kwa sababu kilio kile kilikuwa chao, sikuwa na fungu ndani yake.

Ilichukua muda. Halafu Mama Mukandayisenga alijifuta uso kwa kanga, akainuka kwa shida, akaenda jikoni. Tulisikia maji yakimwagwa. Alirudi na mwiko wa ugali umeoshwa.

"Niliona nikikutoa nje bila yeye, nitakuwa nimemzika mimi," akamwambia mkwewe. "Kumbe umemzika wewe, peke yako, na mimi nakupikia. Shika, mwanangu. Nyumba ni yako."

Kisha akanigeukia mimi, akaniamuru nikae vizuri, kwa kuwa siku hiyo ndimi niliyekuwa ndugu wa bibi harusi.

Shughuli ile huwa na nyimbo, mitungi na watu wa kujaza uwanja. Sisi tulikuwa watatu na kuku. Kayitesi aliingia jikoni, tukamsikia akikohoa moshi na kugonga sufuria, na kizee ameketi karibu nami hajui mikono yake aiweke wapi. Mara mbili alitaka kuinuka kwenda kusaidia, mara mbili akajizuia.

Ugali ulikuja na madonge, umeungua upande mmoja. Mama Mukandayisenga alikula wake wote, akanyoosha sahani aongezewe.