Alama ya Mufuniko wa Mama

Sogeeni, niwasimulie habari za Mama Mukantwari, jirani yangu wa hapa Munigi anayeuza fromaji, jibini ya maziwa ya kwao Masisi. Kila fromaji, ikingali laini, anaikandamizia mufuniko wa kusuka uliofunika chombo cha maziwa cha marehemu mama yake. Michoro inabaki kwenye ganda. Anaipiga picha, anaweka kwenye soko la telefone, na watu wanaagiza mpaka ng'ambo ya mupaka.

Siku moja wateja wakaanza kumulalamikia. "Mama, fromaji yako inanuka soksi!" Kumbe mutu wa muji mwingine alifungua duka kwenye soko lile lile kwa picha za Mama Mukantwari, na michoro ameichonga kwenye plastiki, anaikandamizia fromaji yake mbovu. Wateja wakapungua, fromaji ikawa chakula cha watoto wake asubuhi na jioni.

Akaenda kwa Papa Munguakonkwa, karani wa biro ya biashara, aliyekuwa ametoka kwenye mukutano wa nchi jirani wa kujadili biashara ya telefone na haki za alama za biashara.

"Mama, andikisha michoro hiyo iwe alama kwa jina lako. Ukiwa na karatasi, wenye soko watafunga duka lake. Na mutu yeyote akiitumia, unamukatalia."

"Yeyote?"

"Hata dada yako."

Mama Mukantwari akacheka, kisha akakumbuka kwao. Kilimani kule Masisi, bibi-arusi hatoki kwa wazazi bila mufuniko wa michoro ile. Wanawake wote wanausuka.

"Papa, basi na mimi nitakuwa mwizi, ila mwenye karatasi."

"Yule akikutangulia kuandikisha, umekwisha!"

"Acha kwanza nipande Masisi."

Akapanda, akawaeleza wanawake wa kilimani yote. Mama Niyigena, musukaji mukubwa kuliko wote pale, akamutania: "Ulishuka na michoro yetu bila kuaga, sasa umeumwa ndiyo unatukumbuka!" Halafu akamushika mukono. "Lakini umekuja. Twende."

Wakashuka naye, wakajaa ile biro mpaka Papa Munguakonkwa akasimama amebanwa ukutani. Alama ikaandikishwa kwa jina la kilima kizima, na duka la yule mutu likafungwa. Wateja wanarudi, si wote, polepole.

Leo akipata agizo, kabla hajafunga fromaji, anatuma ujumbe wa sauti kilimani kwa telefone: "Aksanti, bamama."

Nao wanamujibu: "Aksanti tutaitia kwenye ugali? Tuma fromaji!"

Na anatuma.