Mtu Aliyesimama Chini ya Maporomoko

Shangazi yangu alipiga mihuri ya posta kwa miaka thelathini, na mkono wake ulijulikana. Ulikuwa na mapigo mawili, la kwanza kwenye pedi ya wino na la pili kwenye barua, na lile la pili lilisikika mpaka nje kwenye masanduku ya barua. Watu wakamwita Nyundo. Waliobeba vitu vya kuvunjika walipendelea dirisha la jirani, naye hakuwa na kinyongo nao. Alisema stempu ikishatumika lazima ionekane imetumika, la sivyo kila mjanja ataibandua na kuibandika tena.

Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye walimwita mzembe, na neno hilo bado limenikaa kooni.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, naye ndiye baba yangu. Kazi ya baba ilikuwa kusoma kina cha maji kwenye maporomoko makubwa, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Idara ya maji ilikuwa imesimika ubao wenye alama pale chini, na kila asubuhi alishuka, akausoma, akaandika tarakimu moja kwenye daftari. Basi. Kwa tarakimu hiyo moja alioa, na kwa hiyo hiyo akafa. Mvua zilizidi, mto ukapanda ghafla ukaung'oa ubao, na yeye akaenda nao. Mimi nilikuwa tumboni. Walimtafuta siku tisa. Picha yake ya pekee, ile ndogo ya kitambulisho, walipewa watafutaji wakawaonyeshe watu wanaoishi chini ya mto. Ilirudi imelowa, uso wote umefutika.

Mama yangu alilia miaka mitatu kisha akaolewa kwingine, na simlaumu. Nikalelewa na bibi na shangazi. Bibi alikuwa na sheria moja ndani ya nyumba: mwanawe asiitwe marehemu. Mwili haujaonekana, alisema, kaburi hakuna, nani kamzika? Hata ile tarehe ya mafuriko hakutaka itajwe. Sahani ya baba, ya bati, yenye ua la buluu, ilikaa peke yake kwenye rafu ya juu, na kila Jumamosi bibi aliipangusa vumbi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo hatukubishana naye. Lakini niseme kweli, mimi niliichukia ile sahani. Nimekua na baba ambaye hayupo na hafi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cherehani yangu chumba cha mbele, siku shangazi alipoingia saa saba mchana, saa ambayo hatukuwahi kumwona nyumbani siku ya kazi. Hakuvua hata viatu. Aliweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona karatasi nzima ya stempu mpya, za kuadhimisha miaka hamsini ya idara ya maji. Zilikuwa na picha ya maporomoko, ya zamani, iliyotolewa kwenye kabati zao. Nikasema ni nzuri. Akachukua kioo changu cha kukuzia, kile ninachotungia uzi siku za mawingu, akaniambia nitazame pembe ya chini, kushoto.

Palikuwa na mtu, mdogo kama punje ya mchele. Shati jeupe. Amesimama kando ya ubao wa alama, mkono mmoja kisogoni, kiwiko kimetokeza nje.

Shangazi akamwita mama yake. Bibi alikishika kioo kwa mikono miwili, akatazama mpaka nikaanza kuogopa. Tangu baba akiwa mtoto alikuwa akimkaripia kwa kusimama hivyo, kwamba anayeshika kichwa bila msiba anauita msiba. Akaketi polepole.

"Huyu ni mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia shangazi, na nadhani akili yake ilishafika mbele yetu. "Wewe kazi yako ni kupiga. Usimpige mwanangu."

Shangazi akaahidi. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Ahadi ilikuwa rahisi kuliko kazi. Stempu hubandikwa pembe ya juu ya bahasha, kulia, na muhuri hutua kushoto, nusu kwenye bahasha na nusu kwenye stempu. Yaani hutua palepale aliposimama baba. Shangazi akaanza kuupeleka juu, upande wa kulia, ukaigusa stempu kwenye meno mawili tu ya ukingoni, sehemu iliyobaki ikaangukia mezani. Meza yake ikajaa nusu duara nyeusi. Na mkono wenyewe ukalegea. Wenzake wakatania kwamba Nyundo kazeeka, siku hizi ni kijiko.

La kuvunda halina ubani. Haikupita miezi mitatu, mji mzima ukawa umejua kwamba stempu ya maporomoko iliyopita kwa Nyundo, ukiikata ncha kidogo, inasafiri tena. Hata wateja wangu, watu wenye heshima zao, walikuwa wakiziloweka kwenye vikombe. Mmoja alinionyesha yake huku anacheka. Nilimrudishia gauni lake bila vifungo, na hajarudi mpaka leo.

Mkaguzi wa posta alikuja siku ya Ijumaa. Shangazi aliniomba nimsindikize, jambo ambalo hakuwahi kuniomba maishani, nami nikaketi chumba cha nyuma juu ya mfuko wa barua. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye tai nyembamba. Alipanga barua kumi na mbili mezani, zote za stempu ile, akasema shangazi apige mbele yake kama kanuni inavyotaka. Akikataa, akabidhi muhuri. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari imechapwa, imo kwenye jalada lililo wazi mezani, na nililisoma lile neno uzembe nikiwa nimekaa. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mimi na bibi tulikuwa tunakula kwa mkono wake zaidi ya kwa cherehani yangu.

Shangazi hakubishana. Alimweleza yote, mto, siku tisa, ile picha iliyolowa, ahadi kwa mama yake. Mkaguzi akaomba kioo. Nilikuwa na mkasi kwenye mkoba, na nilikuwa nimeshaamua tai ile itaishia wapi akithubutu kucheka.

Hakucheka.

"Pole sana, mama," alisema. "Lakini sheria ni msumeno. Usipompiga wewe, nitaweka mwingine kwenye kiti hiki, na huyo hatajua kama kuna mtu."

Maneno hayo yalimwingia shangazi. Niliuona uso wake. Alikuwa amejiandaa kupoteza kazi, lakini hakuwa amefikiri kwamba ndugu yake angebaki pale mezani mikononi mwa mgeni. Akaomba apewe mpaka Jumatatu, akapewa.

Jumamosi asubuhi alinichorea muhuri kwa chaki yangu. Duara. Jina la posta limepinda juu, tarehe imekaa katikati, na chini ya tarehe, kabla ya kufika ukingoni, hamna kitu. Pana nafasi ya upana wa ukucha wa kidole kidogo. Akiweza kumweka baba hapo, wino hautamgusa, na kanuni itakuwa imetimia. Tukatafuta kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi chenye upana uleule wa muhuri. Nikagandisha punje za mchele kwenye karatasi, naye akapiga. Siku ya kwanza alitwanga mchele tu. Mkono uliozoea karibu miaka thelathini kwenda kwa nguvu haufundishiki kwa nusu siku. Bibi alikaa mlangoni akitazama, nikadhani amekasirika. Jumapili jioni, punje zikiwa zimebaki chache, alisema maneno mawili tu.

"Kulia kidogo."

Jumatatu shangazi alipiga zote kumi na mbili. Hakukuwa na kishindo. Aliushusha muhuri kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Ile ya kumi ilimgusa baba kiwiko. Shangazi akauma mdomo, akaendelea. Mkaguzi alizipitia kwa kioo moja moja, halafu akasema muhuri umeshika stempu na umeshika bahasha, kanuni haina swali lingine. Barua iliyochapwa aliikunja akaitia mfukoni mwake. Yule kijana namwombea heri mpaka kesho.

Mwezi uliofuata siku ya mafuriko ilizunguka. Asubuhi ile shangazi alichukua bahasha tupu, akaandika jina la bibi na namba ya nyumba yetu, akabandika stempu ya maporomoko, akaipiga. Mpeleka barua alituletea kesho yake huku anacheka, anauliza kama Nyundo siku hizi anaongea na ndugu zake kwa posta. Shangazi alipofika kutoka kazini, bibi alikuwa ameishika bado hajaitazama.

"Umempiga?"

"Hapana, mama. Nimemzungushia."

Bibi akachukua kioo. Akaniambia nimsomee kilichoandikwa kwenye muhuri. Nikasoma jina la posta. Nikasoma siku na mwezi, neno moja moja, kwa sababu tarehe ile haikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yetu tangu nizaliwe. Bibi aliisikiliza mpaka mwisho. Alipitisha kidole kwenye duara, taratibu, asimguse aliyesimama ndani.

"Basi ana pa kulala," alisema. "Marehemu mwanangu."

Shangazi alilia palepale mlangoni, mkoba begani, kilio cha miaka ishirini na sita, na majirani wakaja kuuliza nani kafa. Bibi mwenyewe ndiye aliyewajibu. Walipoondoka alivuta kigoda, akapanda, akaishusha sahani kutoka rafu ya juu, akaiosha kwa sabuni, akaiweka pamoja na zile nyingine. Jioni alinipakulia chakula kwenye ile yenye ua la buluu, nami nikala chote.