Siku Bi. Zubeda Alipolala Chali Tena

Niliripoti kazini asubuhi na mapema, cheti changu kikiwa ndani ya bahasha ya kaki niliyoibana kwapani tangu Voi nilikopandia gari. Idara ya tiba ya viungo katika hospitali ile ya serikali hapa kisiwani ilikuwa vyumba viwili na veranda. Mkuu wa idara alikuwa mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa Rabai, na sote tulimwita Bwana Mkuu. Nilimpa bahasha. Hakuifungua.

"Cheti weka mezani," akasema. "Nipe mikono."

Nikampa. Akaishika kidogo, akatikisa kichwa.

"Baridi. Mgonjwa akishikwa na mikono baridi hukaza misuli yote, na hapo huna unachoweza kumfanyia. Kaoshe kwa maji moto, kisha urudi tuanze kazi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vijana wanaosomea fani hii leo hudhani tulikuwa wakandaji tu. Sivyo. Tuliwafundisha kutembea upya watu waliopigwa na kiharusi, tuliwanyoosha watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda, tuliwatibu wapagazi na makuli wa bandarini migongo iliyokataa kuinuka. Vifaa vyetu vilikuwa mifuko ya moto, kamba, mawe ya mizani ya kuvutia shingo, na vitanda vitatu vyenye godoro gumu. Mengine yote yalitoka katika vidole na macho yetu.

Lakini yako mambo ambayo hatukuyajua, na moja lilimgharimu mtu kazi yake.

Katika mwaka wangu wa pili aliletwa kwetu dereva wa kreni, Wafula, mtu wa Bungoma, kiongozi wa kwaya katika kanisa nililosali. Alisema akiinua uso kutazama kontena, dunia humzunguka. Akigeuka kitandani, humzunguka tena. Hudumu kitambo kifupi, hata dakika haifiki, kisha huisha kabisa. Tukadhani ni mifupa ya shingo. Tukamfunga kola, tukamlaza tumvute shingo, na kila tulipomlaza alishika kingo za kitanda akatapika. Baada ya wiki tatu tukaacha. Mwajiri wake alimtoa kwenye kreni akamweka getini, na huko wenzake wakaanza kunong'ona kwamba analewa, hata akaachishwa kazi.

"Sista," aliniambia siku aliyokuja kuniaga, "mimi tangu nizaliwe sijaonja pombe. Niambie basi ni nini."

Nikamwambia pole tu. Akapanda treni kurudi kwao.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa Kwale, nikakaa huko miaka sita chini ya muuguzi mkuu mmoja mkali aliyekagua hata kucha zetu. Kisha nikarudishwa kisiwani, safari hii kwenye zahanati ya Majengo, ambako chumba changu kilipakana na chumba cha sindano na vilio vya watoto vilikuwa saa yangu ya ukutani. Nikiwa hapo ndipo nilipopelekwa kozi ya wiki moja, na mhadhiri mmoja mama, mgeni wetu, akatueleza ugonjwa ule hasa aliokuwa nao Wafula.

Ndani kabisa ya sikio, alisema, mna mirija mitatu midogo iliyopinda kama vipini vya kikombe, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji husogea, na ubongo hujua tumegeuka upande gani. Karibu na mirija hiyo mna chembe za chokaa, ndogo kuliko chumvi ya unga, zilizonata mahali pake. Kwa uzee, au kwa pigo la kichwa, au bila sababu ijulikanayo, baadhi hubanduka zikaingia katika mrija. Basi mtu akilala au akiinamisha kichwa, zile chembe huporomoka, majimaji husukumwa, na ubongo hudanganyika kwamba mwili unazunguka. Zikitua, kizunguzungu hukoma. Hiki ndicho kizunguzungu cha mkao. Dawa yake si vidonge. Ni kukigeuza kichwa hatua kwa hatua, kwa utaratibu maalumu, mpaka chembe zitoke mrijani zirudi zilikotoka.

Nilimfikiria Wafula siku ile, chakula cha mchana kikanishinda. Tungeweza kumtibu kwa robo saa.

Haukupita muda mrefu, mwanamke mmoja kijana aitwaye Salma akaja zahanati. Mama yake, Bi. Zubeda, alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani cha wasichana huko Kibokoni. Asubuhi moja alipoinuka kutoka kwenye sijida alianguka akagonga mlango.

"Huu mwezi wa nne mama halali chali," Salma akasema. "Hulala kwenye kiti. Huswali kwenye kiti, na akimaliza hulia. Amepewa dawa za presha, presha hana. Wengine wasema amepagawa. Kaka yangu ataka kumchukua Nairobi, na chuo tukifunge."

"Na yeye mwenyewe ataka kwenda?"

"Mama? Kwenda Nairobi kwake ni kama kuzikwa."

Nilimfuata Kibokoni. Ngazi za nyumba zilikuwa za mbao, zimesimama wima, na sauti za wasichana wakisoma zilitoka chumba cha chini ambako msaidizi aliwashikia somo. Bi. Zubeda alikuwa juu, ameketi, shingo ameikaza kama aliyebeba maji kichwani.

"Sabalkheri, Bi. Zubeda."

"Akheri, mwanangu. Karibu. Usiniinamishe tu."

Hapo ndipo nilipokosea, na naliandika kosa hili ili wenye kunifuata wasilirudie. Jaribio la ugonjwa huu ni kumketisha mgonjwa kitandani, kumgeuza kichwa upande mmoja, kisha kumlaza haraka, kichwa kikining'inia kidogo, huku ukimtazama macho. Sikio lenye ugonjwa likiwa chini, macho huanza kuruka yenyewe. Bi. Zubeda aliniambia kwamba ubaya uko kulia. Nilimlaza kulia. Akapiga kelele, akafumba macho, akanikamata nguo. Nami, badala ya kumsubiri ayafumbue nione, nikaamini kelele. Nikaendelea na matibabu ya sikio la kulia.

Alitapika.

"Niwate!" akalia. "Niwate, wataka kuniua!"

Salma akaingia kati yetu. "Basi," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umejaribu. Tafadhali, nenda."

Nikarudi kwa miguu kupitia Ndia Kuu, nikiwapita wenye maduka walionisalimu nisiweze kuwaitikia vizuri. Nilipofika zahanati niliandika kila nilichofanya, hatua moja baada ya nyingine, na kosa likawa wazi karatasini: macho sikuyaona, na upande wa kushoto sikuupima kabisa. Nilikuwa na haraka ya kumponya Wafula katika mwili wa mtu mwingine.

Siku ya tatu nikapiga hodi tena. Salma alifungua mlango nusu. Nyuma yake, kutoka juu, sauti ya mama yake ikauliza, "Ni nani?"

"Yule mtu wa viungo, mama."

"Amerudi kufanya nini?"

Nikajibu mwenyewe kutoka mlangoni. "Nimekuja kukuomba radhi, Bi. Zubeda. Nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Nilikutibu sikio la kulia bila kuyaona macho yako. Sijui ni sikio lipi. Ukinipa ruhusa, nataka kujua kwanza, kisha ndipo nikutibu. Usiponipa, nitakwenda zangu na sitakulaumu."

Katika chumba cha chini, wasichana walikuwa wameacha kusoma, nadhani wakisikiliza.

"Nimetibiwa na watu wanne," Bi. Zubeda akasema hatimaye. "Hapana aliyerudi kuniambia amekosea. Salma, mpe kiti."

Nikapanda juu, nikamweleza kila nitakalofanya kabla ya kumgusa. Nilimwambia kizunguzungu kitakuja, kitapanda, kisha kitashuka, na kwamba sitamwachilia.

"Macho lazima yawe wazi, mama. Nitazame mimi puani."

"Mato yangu yataka kufumba."

"Yakatalie."

Nilimlaza kulia. Macho yake yalinikodolea, makubwa, yametulia. Hofu ilikuwepo, lakini ugonjwa haukuwepo upande ule. Nikamketisha, nikangoja apumue, nikamgeuza kushoto na kumlaza. Zikapita sekunde tatu, nne. Kisha macho yakaanza: yakaruka na kujipindua kuelekea sikio la chini.

"Dari! Dari yanijia!"

"Nimekushika. Nimeona. Ni hili la kushoto."

Salma alikuwa amemshika mama yake miguu, anasoma dua kwa sauti ya chini. Nikangoja macho yatulie. Nikakigeuza kichwa polepole kuelekea kulia, nikangoja tena. Nikamwomba Salma amlaze mama yake ubavu wa kulia, uso ukitazama sakafu, nikangoja. Kisha tukamwinua akaketi, kidevu kifuani. Muda wote huo haukufika dakika tano.

Tulipumzika. Nikampima tena upande wa kushoto. Macho yakabaki mahali pake.

Bi. Zubeda alijitoa mikononi mwangu, akajilaza mwenyewe, chali, polepole mno, kama mtu anayejishusha ndani ya maji asiyoyajua kina. Akatazama juu.

"Boriti zimetulia," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Zimetulia, Salma." Akavuta leso yake mpaka kifuani, na kabla sijamaliza kukunja taulo zangu alikuwa amelala fofofo. Salma alitoka akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa buibui, akalia.

Hakwenda Nairobi. Alifundisha miaka mingine tisa. Ugonjwa ulimrudia mara moja, maana hurudi kwa baadhi ya watu, na safari hiyo alikuja zahanati kwa miguu yake akanitangazia mbele ya foleni nzima, "Chokaa yangu imehama tena, ya kushoto ile ile. Usianze kulia!"

Sisemi kila kizunguzungu ni hiki. Anayezungukwa huku ulimi umekuwa mzito, au mkono umekufa ganzi, au anaona vitu viwili viwili, au kichwa kimempasuka ghafla kwa maumivu, huyo apelekwe hospitali kubwa wakati huo huo. Nimewaelekeza huko wagonjwa wa namna hiyo tangu mlangoni kabla hawajaketi, na sijutii hata mmoja.

Nilistaafu nikiwa msimamizi wa idara ileile niliyoanzia. Mwaka huu, asubuhi moja, niligeuka kitandani nizime simu, na chumba kikaondoka. Nilijua jina la ugonjwa, nilijua mrija, nilijua hatua zote. Hata hivyo nililishika godoro kwa kucha nikamwita marehemu mama yangu kwa Kitaita, lugha ambayo kazini sikuitumia kamwe.

Kijana aliyeshika nafasi yangu, Kazungu, nilimfundisha mimi. Alinilaza kwenye kitanda cha matibabu, na dunia ilipoanza kuzunguka akasema neno ambalo nililisema kwa wagonjwa miaka thelathini, kwa moyo safi kabisa: "Pole, mwalimu, najua."

"Hujui," nikamwambia, nimemng'ang'ania mkono. "Nami nilikuwa sijui. Usiniambie wajua. Niambie uko hapa."

Akaushika mkono wangu kwa nguvu.

"Niko hapa," akasema.