Siku Moyo wa Mama Ulipokataa Kupigwa Picha

Mdogo wangu wa kike ni daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili. Ubingwa alishaupata zamani, lakini mwaka huo alikuwa amerudi tena darasani kusomea ubingwa bobezi wa picha za moyo peke yake, za CT scan na za MRI. Mie niliishia kidato cha nne, nikaondoka nyumbani kwetu Temeke, na tangu hapo sijui kukaa mahali pamoja. Kila nikirudi namkuta sebuleni na kompyuta magotini, anazungusha moyo wa mtu nisiyemjua, anaukata vipande kwa ncha ya kidole.

"Figo inatulia, ini linatulia," aliniambia jioni moja. "Moyo hautulii. Ukitaka picha yake lazima uuvizie, pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Wewe nawe ndiyo hivyo hivyo, kaka. Albamu nzima ya ukoo, wewe humo hata picha moja."

Mama alikuwa anachambua mchele. Alicheka mpaka akashika kifua. Siku hizo alikuwa anakishika sana. Akienda sokoni anarudi mara mbili njiani kukaa kwenye mabenchi ya watu, na akiulizwa anasema ni gesi. Mdogo wangu hakubishana naye. Baadaye, mie nikiwa nimeshaondoka tena, alimpeleka kwa daktari wa moyo, na huyo akaagiza CT scan ya mishipa. Alitaka kujua jambo moja: ule mshipa mkubwa wa mbele bado unapitisha damu ya kutosha, au unaelekea kuziba.

Nilipigiwa simu nikiwa Tunduma. Nilifika Dar asubuhi ya kipimo chenyewe, nikaenda moja kwa moja hospitali anakosomea mdogo wangu, begi langu mgongoni.

Mama alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda chembamba cha mashine, kanula ya kupitishia dawa mkononi, nyaya kifuani. Walishampa vidonge vya kupunguza mapigo, kwa sababu moyo ukienda mbio picha inatoka na ukungu. Kwenye skrini ndogo pembeni namba ya mapigo ilikuwa imeshuka hadi karibu na sitini, pale pale walipoitaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika saa ngapi?"

Kabla sijajibu, namba ilikuwa imepita themanini na tano. Kijana anayeendesha mashine alinitazama, akaitazama skrini.

"Braza, tupishe kidogo. Ulivyoingia tu, umetuharibia kazi."

Nikatoka nje, nikasimama ukutani. Hazikupita dakika nyingi mdogo wangu akafungua mlango.

"Hebu rudi. Anauliza kama umeshaondoka."

"Si umwambie nipo hapa?"

"Nimemwambia. Anasema hata zamani ulimwambiaga hivyo hivyo, kwamba upo, kumbe uko Kigoma. Namba inazidi kupanda."

Nikaingia, ikapanda. Nikatoka, ikapanda. Dawa nyingine hawakuweza kumwongeza, presha ilikuwa imeanza kuteremka. Mwalimu wa mdogo wangu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuja akatazama, akasema kama hali ni hiyo tutasogeza kipimo siku nyingine, wagonjwa wengine wanasubiri. Mdogo wangu aliitikia, "Sawa, daktari." Nilimjua vya kutosha kuona kwamba haikuwa sawa. Kila siku alikuwa anasoma mishipa ya watu ambao siku yao ilisogezwa, wakarudi wamechelewa.

Mimi nimebeba mizigo, nimekaa mgodini, nimevuka mipaka na malori. Siku ile hakuna nilichokijua ambacho kingemsaidia mtu yeyote mle ndani. Hata kusimama kwangu kulikuwa kunadhuru.

Mama mwenyewe ndiye aliyesema.

"Mwambieni avue viatu."

"Viatu vya nini tena, mama?" mdogo wangu akauliza.

"Avue. Viwekwe hapo ninapoviona."

Nilipokuwa kijana mama alikuwa akinusa safari kabla mie mwenyewe sijaamua. Alikuwa anaficha viatu vyangu ndani ya pipa la unga, na mimi nikajifunza kuondoka na kandambili. Nadhani naye alikumbuka, maana nilipokuwa nimeinama kufungua kamba aliongeza, "Na kandambili zilizomo begini."

Kijana wa mashine aliinamisha uso kuficha kicheko. Mdogo wangu alisema tushukuru hii ni CT, ingekuwa MRI, yenye sumaku, buti lenye vyuma lisingekanyaga humo. Vikapangwa juu ya kiti, buti na kandambili.

"Hapo panatosha, mama?" kijana akauliza.

"Vigeuze. Vitazame ukutani, siyo mlangoni."

Akavigeuza. Nilikaa chumba cha pili, nyuma ya kioo, miguu wazi kwenye sakafu ya baridi. Namba ikashuka polepole, ikakaa. Mdogo wangu akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Mama, sasa utasikia joto mwilini, usiogope. Vuta pumzi. Shikilia."

Mashine ikavuma. Mama akashikilia.

Utaratibu wao ni kwamba anayejifunza husoma kwanza, mwalimu husoma baadaye. Mwalimu alivuta kiti.

"Hii nisome mimi?"

"Nitaisoma," mdogo wangu akajibu.

Akaanza, kwa sauti ile ile niliyoizoea sebuleni. Mshipa wa kulia uko wazi. Unaozunguka nyuma umepungua upana kidogo. Halafu akafika ule wa mbele, akaisogeza picha karibu. Hata mie niliona bonge jeupe, limekaa juu ya mshipa kama chokaa iliyokaukia kwenye bomba. Akauzungusha moyo wa mama huku na huku, akabadilisha mwanga, akarudi pale pale.

"Mapigo yalitulia," nikasema. "Picha haikutikisika."

"Haikutikisika. Hiyo ni chokaa yenyewe, kaka. Inang'aa mpaka inafunika njia. Siwezi kusema damu inapita au haipiti."

Alimgeukia mwalimu wake. Mwalimu aliisogelea skrini, akauzungusha moyo mwenyewe.

"Na mimi siwezi," akasema. "Atapitishiwa mrija kwenye mshipa wa mkono, waangalie kwa ndani."

Tulirudi kwa mama. Alikuwa ameketi, anajifunga kanga, mie navaa viatu vyangu mbele yake na yeye ananitazama.

"Haya daktari, umeona nini?"

"Pale penyewe sijaona, mama."

"Na shule yote hiyo?"

Mdogo wangu akamsaidia kufunga kanga. Alimweleza habari ya mrija, kwamba ni wiki ijayo nafasi ikipatikana. Mama akaitikia kwa kichwa, akaniuliza mimi kama nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo. Hakusema ameamini.

Tukatoka naye, mmoja huku mmoja huku. Kabla hatujafika getini alisimama, akaweka mkono kifuani, akafumba macho. Na sie tukasimama. Nyaya zilishatolewa, skrini imebaki ndani, na wote wawili, daktari na mimi, tulibaki tunakitazama kifua chake juu ya kanga.