Sajini Avtar na Sinema za Wajapani

Mkewe Surjit alipofariki, Avtar Singh alibaki peke yake katika nyumba yao ya Kenton, huko Uingereza. Mwanawe Balwinder alikuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow na kukaa Hounslow. Kijana akipiga simu, baba alisema Kiswahili cha Nakuru walikotoka, mwana akajibu kwa Kiingereza.

Mtu wa kuongea naye Kiswahili alibaki mmoja tu: Francis, Mwingereza aliyekuwa ofisa wake katika KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, kule Burma, walipopigana na Wajapani. Kila Novemba walikutana kwenye chakula cha askari wastaafu. Avtar alivaa medali zake, na Francis alimpigia saluti mbele ya watu wote.

Mwaka 1985, sinema moja mjini ilianza kuonyesha filamu za Kijapani zilizotengenezwa baada ya vita vile. Avtar akapanda treni.

"Nataka kuona wale watu wanavyojisifu," alimwambia Balwinder.

Hawakujisifu. Filamu ilikuwa ndefu, ya watawala wa kale, yenye bendera na farasi wasiohesabika. Jeshi moja likashinda, lakini hadithi haikuishia hapo. Farasi aliyejeruhiwa alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Vijana walioshinda walikaa kwenye matope wakitazama mikono yao, na hakuna aliyepiga tarumbeta.

Avtar aliyajua matope yale. Huko Burma alikuwa fundi wa malori, na siku moja alimpa mateka wa Kijapani chai katika kikombe cha bati. Kijana alitetemeka hata akashindwa kukishika, ikabidi Avtar amnyweshe. Hakuwahi kumsimulia mtu jambo hilo, hata Surjit.

Taa ziliwashwa, watu wakatoka, yeye akabaki kitini. Jumapili iliyofuata alirudi, na nyingine pia. Kila mara aliwaona Wajapani wakiwalilia wafu, wa kwao na wa adui.

Novemba Francis akapiga simu.

"Sajini, kiti chako kiko tayari."

"Mwaka huu siji, Afande."

"Unaumwa?"

"Mzima. Nimeona sinema za Wajapani. Siwezi tena kukaa mezani kufurahia kwamba tuliwashinda."

"Mimi nilizika vijana wangu kule, Avtar. Wao ndio waliowaua."

"Najua. Tulichimba makaburi pamoja. Ndiyo sababu siji."

"Haya," alisema Francis, akakata simu.

Hakupiga tena. Wakati wa Krismasi Avtar alimpigia yeye. Jane, mke wa Francis, akasema mumewe ametoka, na nyuma yake kikohozi cha Francis kikasikika wazi. Avtar akamshukuru, akawatakia heri wote wawili.

Hakujuta. Ila baridi ya mwaka ule ilikuwa ndefu, na zilipita siku ambazo hakusema neno na mtu isipokuwa kondakta wa basi.